Popo wa Baba Mkwe

Tukuyu, Jumamosi, tarehe 6 Oktoba

Ukungu ulikaa juu ya mji tangu alfajiri, ukaondoka saa nne, sasa kuna jua la uvivu na mawingu yanajikusanya upya upande wa mlima. Niko hapa intaneti kafe na sweta mabegani. Mikono inanuka vitunguu. Nimetoka nyumbani bila kumaliza kupika, kwa sababu nisipoandika leo nitapasuka.

Shajara yangu, leo baba mkwe ameongea na mimi.

Najua, kwa mtu mwingine hiyo si habari. Mimi nimeolewa na Lusajo miaka tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza.

Mimi ni wa Singida. Nilipangiwa huku kufundisha biolojia sekondari, nikiamini nitakaa miaka miwili niombe uhamisho. Badala yake nikampata Lusajo, fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, kijana wa kijiji cha Suma. Harusi ikafanyika, watu wakala, wakacheza, na mimi nikagundua kwamba baba wa mume wangu hakuwa ameniangalia hata mara moja.

Hakuna aliyenieleza mapema. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe wanaogopana. Hawakai chumba kimoja, hawakutani njiani, hawatazamani usoni. Vijana wengi wameshaacha na wachungaji hawalazimishi mtu. Mzee wangu hakuacha. Tukiwa kwao Suma, akikaribia nyumba anakohoa mara mbili kwenye migomba ili nipate nafasi ya kuingia jikoni. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mama mkwe, na mimi niko upande wa pili wa ukuta wa mabanzi, nasikia kila neno. Hata hivyo namsubiri mama azunguke, aje aniambie upya.

"Mzee anauliza kama shule mmefunga."

"Mwambie tumefunga, mama."

Naye mzee kule nje ameshasikia, lakini anasubiri jibu lizunguke.

Miaka mitatu ya mwanzo niliamini hanitaki kwa sababu si wa kwao. Nililia sana na sikumwambia mtu. Siku Lusajo aliponikuta nalia na kuuliza sababu, alishangaa kwelikweli. "Unadhani ananiheshimu mimi?" akasema. "Mimi ananitukana kila siku. Wewe ndiye anayekuheshimu."

Tangu siku hiyo nikaanza kuona vitu ambavyo nilikuwa navipita. Kila tukirudi mjini kutoka Suma, mkungu mzuri kuliko yote shambani uko mlangoni umeshafungwa kamba, na mama anasema, "Wa Mama Tusa." Nilipolazwa hospitali ya Igogwe na mimba ya mwanangu Tusa, mtu mmoja alikaa kwenye nyasi nje ya wodi siku mbili, mgongo ukielekea dirishani kwangu. Hakuingia. Muuguzi akaniuliza yule mzee ni nani. Nikasema ni baba yangu.

Sasa nikueleze kuhusu popo.

Mzee alipokuwa kijana alikwenda Zambia, migodini, kama vijana wengi wa hapa wa wakati ule. Alikaa chumba kimoja na mtu wa kabila la Walala, aliyeitwa Kunda. Mkataba ulipokwisha, Kunda akamwomba wapitie kwao kwanza, upande wa Serenje, kabla mzee hajaendelea na safari ya nyumbani. Kule kuna vinamasi vya mafunjo, na katikati yake kipo kipande cha msitu ambamo maji hayakauki. Jioni Kunda akampeleka. Jua lilipozama, popo wakatoka. Mzee anasema anga lilifungwa. Anasema walipita juu yao mpaka giza likaingia na bado hawajaisha.

Alirudi Suma na blanketi, baiskeli na habari hiyo. Blanketi na baiskeli watu wakavisifu. Popo wakamcheka.

Labda kama angesema tembo, au simba. Popo kila mtu anawajua, wanakula ndizi zetu. Popo wa kufunga anga? Akabandikwa jina Mzee Popo. Kwenye harusi, akisimama kutoa nasaha, kuna wanaume wazima wanaopunga mikono kama mabawa. Lusajo anasema alipokuwa shule ya msingi alipigana mara mbili kwa ajili ya jina hilo. Baadaye mzee akaacha kusimulia. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakutamka neno popo mbele ya watu.

Mwezi uliopita nilikuja hapa kafe kutafuta maelezo ya mamalia kwa ajili ya kidato cha tatu. Ukurasa ulikuwa unafunguka polepole, picha inashuka kidogo kidogo kutoka juu kama pazia. Kwanza anga. Halafu madoa. Halafu madoa mengi zaidi. Nikafikiri kompyuta ina kasoro. Picha ilipofika chini nikaona miti na mafunjo, na maelezo yake yakasema ni popo wanaokula matunda katika hifadhi ya taifa ya Kasanka, Zambia, eneo la vinamasi, Serenje. Wanakuja kila mwaka mvua zinapokaribia, wanajazana kwenye kipande kimoja cha msitu wa majimaji, halafu wanaondoka.

Nilikaa nimeshika mdomo. Dada wa kafe akaniuliza kama kuna msiba.

Nikaprinti karatasi mbili. Hakuna rangi hapa, ni nyeusi na nyeupe, na wino ulikuwa unaisha. Jumapili ile tukaenda Suma, nikampa mama ile ya picha apeleke nje. Mama hasomi. Aliigeuza juu chini akaniuliza, "Ni mchele huu?"

Sikusikia kitu kutoka nje. Hata kikohozi. Tuliondoka jioni mzee akiwa bado kwenye benchi lake, karatasi magotini.

Wiki iliyofuata jibu likaja kupitia kwa mama. "Kasema hivi: ndio wenyewe. Kasema pia mwambie Mama Tusa, kuna kitu hawajaandika hapo. Mchana wanapolala, matawi yanavunjika kwa uzito wao. Unasikia tu mlio, kaa! Tawi limeanguka."

Shajara, karatasi ya pili ilikuwa bado kwenye mkoba wangu. Sikuwa nimempa kwa sababu ilitoka na wino hafifu. Imeandikwa hivyohivyo, kwamba matawi huvunjika. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikahisi aibu kwa niaba ya kijiji kizima.

Mzee akaikunja ile picha akaenda nayo kanisani. Baada ya ibada akamwonyesha jirani yake, yule anayeongoza kucheka tangu zamani. Jirani akaitazama, akamrudishia. "Siku hizi wanatengeneza picha za kila aina," akasema. Watu wakacheka tena, baada ya miaka yote ile. Na safari hii mimi ndiye niliyempa sababu ya kusimama mbele yao.

Sikulala vizuri wiki hiyo.

Ndipo nikamwambia Lusajo twende. Tumpeleke mzee akaone tena kabla goti lake halijakataa kabisa. Lusajo alicheka, halafu akaniona sicheki. Baadaye akaleta daftari.

Kupanga safari ni raha ambayo sikuijua. Sisi si watu wa kutembelea hifadhi. Huku mtu akisafiri ni msiba, harusi au hospitali. Tumeandika njia yote: Mbeya, Tunduma, tunavuka mpaka, Nakonde, Mpika, Serenje, halafu barabara ya vumbi. Tutalala Mpika. Gari ni Corolla ya rafiki yake Lusajo, naye amekubali ilimradi ibadilishwe breki. Nimeandika barua pepe hifadhini kwa Kiingereza changu cha darasani, na mtu mmoja mkarimu akanijibu siku ya tatu. Anasema kuna jukwaa lililojengwa juu ya mti mkubwa, unapanda ngazi, unakaa na kuwatazama wakitoka. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya kinamasi, unaweza kumwona nzohe, swala yule anayeishi majini. Mimi niliyekulia Singida, ambako tulichimba mchanga wa mto kupata maji ya kunywa, nilisoma sentensi hiyo mara nne. Swala anayezama mpaka puani.

Goti la mzee na ngazi, hilo tumeliwekea alama ya kuuliza. Lusajo anasema atambeba. Ningependa kuona hilo.

Yule mtu wa hifadhini aliandika pia kwamba Novemba ndio wakati wa popo hasa, na Desemba wanaanza kuondoka. Mimi shule inafunga Desemba, na kabla ya hapo kuna mitihani, siwezi kutoroka. Kwa hiyo tutakwenda wiki ya kwanza ya likizo na kuomba Mungu.

Tulimwambia mama aje pia. Akakataa kabla sijamaliza. "Popo? Wangu hapa hawajanitosha? Wanakula ndizi zangu bila hodi, halafu nikawafuate kwao?" Atabaki na Tusa.

Na hapo ndipo mpango wote ukakwama, kwa sababu bila mama, nani atapeleka maneno?

Gari dogo. Lusajo usukani, mzee mbele, mimi nyuma yake. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Mzee hawezi kukohoa ili niingie jikoni ndani ya Corolla. Lusajo alipendekeza tuning'inize khanga katikati.

Jumapili iliyopita ujumbe ukaja. "Mzee kasema hawezi kukaa gari moja na mke wa mwanaye. Kasema ninyi nendeni, yeye alishaona."

Nikajibu upesi, "Mwambie mimi ndiye nitakayebaki. Aende na Lusajo."

Mama akatoka, akarudi. "Kasema hapana. Wewe ndiye uliyeitafuta."

"Mwambie safari ni yake."

Mama akatoka tena. Aliporudi safari ya tatu alikuwa amekasirika. "Mimi si posta," akasema, akaketi kupepeta maharage.

Nikiri hapa, kwa kuwa hapa nakiri kila kitu. Niliposema nitabaki, nilisema kwa mdomo. Moyoni niliumia. Mimi ndiye niliyewapata wale popo. Mimi ndiye niliyeandika zile barua. Nilirudi mjini, nikafungua daftari, nikafuta jina langu kwa kalamu ya wino, nikakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Wiki nzima nilifundisha kama niliyelazimishwa.

Leo asubuhi nilikuwa sebuleni nakata vitunguu. Lusajo yuko zamu. Nikasikia kikohozi getini, mara mbili.

Mzee huwa haji mjini kwetu. Nadhani amekuja mara tatu tangu tujenge. Miguu yangu ilianza yenyewe kuelekea chumbani, na mama akaingia kwanza, amejifunga kitenge chake cha kanisani. "Leo usiingie ndani," akasema. "Kaa."

"Mama, mzee yuko..."

"Najua aliko. Nimekuja naye. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa bado na kisu mkononi.

Aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso ameuelekeza kwenye kalenda ya ukutani. Amezeeka kuliko nilivyodhani. Kwa miaka tisa nimemwona kwa mgongo na kwa mbali, na mgongo wake haujazeeka kama uso.

"Mama Tusa," akasema. "Ugonile."

Hiyo ni salamu tu ya huku. Umelalaje, basi. Kila asubuhi naisikia sokoni mara mia. Mama akanigusa bega niitikie.

"Ndaga, baba," nikaitikia, yaani asante. Sauti ilitoka kama ya Tusa.

Aliendelea kuitazama kalenda. Halafu akaongea kwa Kiswahili chake cha taratibu, na nimejitahidi kushika kila neno.

"Niliwauliza wadogo zangu. Wakasema fanya unavyoona. Nikamuuliza mchungaji, akacheka. Basi nikafikiri mwenyewe. Mimi nimekuogopa miaka yote hii kwa heshima yako. Sasa kama heshima hiyo ndiyo inakuacha nyumbani, hiyo siyo heshima tena. Ni ubishi wa mzee."

Mama akasema, "Ndiyo."

"Wewe nyamaza," akamwambia, kwa upole. Akaendelea. "Na kuna jambo jingine. Lusajo hata asipoona kitu, atasema ameona, ili anifurahishe. Na akiona kweli, watu watasema ni mwanaye, lazima amtetee. Wewe umesoma habari za wanyama. Wewe ukisimama ukasema nimewaona, hakuna wa kukujibu. Tena katika nyumba yangu yote wewe peke yako hukunicheka."

Hapo ndipo niliposhikwa.

Kwa sababu nilicheka. Wiki ya kwanza ya ndoa, Lusajo aliponisimulia, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilichukua khanga nikaiweka mgongoni, nikakimbia chumba kizima nikipiga mabawa, naye Lusajo akaanguka kitandani kwa kucheka. Hata uso wa mtu niliyekuwa namcheka sikuujua. Ningeweza kunyamaza. Asingejua kamwe. Lakini mtu ameacha jambo aliloshika maisha yake yote, amekuja na mguu mbovu kukaa kwenye kigoda changu, nami nianze naye kwa uongo?

"Baba," nikasema, "nilicheka. Zamani. Nilicheka sana."

Mama alishika shavu. Kule jikoni chungu kilikuwa kinachemka na hakuna aliyekwenda.

Mzee aliitazama kalenda mpaka nikadhani atanyanyuka aondoke. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Sijawahi kusikia kicheko chake. Ni kidogo, cha puani, kama mtu anayezuia chafya.

"Ulifanya mabawa?" akauliza.

"Nilifanya, baba. Kwa khanga."

"Mama Tusa alifanya mabawa!" akamwambia mama, kana kwamba mama hakuwepo. Akacheka tena mpaka akafuta macho kwa kofia. "Hata mimi ningecheka. Kama ni jirani aliyetoka Zambia na habari hiyo, ningemcheka mpaka leo. Ila mimi nilikuwepo. Hilo ndilo lililonitesa, nilikuwepo."

Tukanywa chai. Sisi watatu, chumba kimoja. Chungu kule jikoni kiliungua na hakuna aliyejali. Nilimuuliza maswali ambayo nimeyaweka tangu mwezi uliopita: walikuwa na rangi gani, walikuwa wakipiga kelele, msitu ulinuka vipi. Manyoya ya shingoni kama majani makavu, akasema. Kelele kama soko linalosikika kutoka mbali. Harufu ya matunda yaliyochacha, ilimkaa kwenye shati hadi Tunduma. Akasema Kunda alimshika mkono wakati wanapita, wanaume wawili wa migodini wameshikana mikono kama watoto, na hilo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu aliona popo peke yao wametosha kumharibia jina. Hajui kama Kunda yuko hai. Hakuwahi kupata anwani. Akiwa kule angependa kuuliza uliza.

Nikaandika kwenye daftari: kumuulizia Kunda.

Kisha nikamwambia kile kinachonisumbua, kwamba Desemba wanaanza kuondoka, kwamba shule ndiyo inayotuchelewesha, na inawezekana kabisa tukavuka mpaka, tukabadilisha breki za watu, tukapanda ngazi na goti lake, na tukakuta msitu mtupu.

"Halafu itakuwaje, baba?"

Akageuza uso kutoka kwenye kalenda akaniangalia. Mimi. Machoni. Macho yake ni kama ya Lusajo, hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

"Basi," akasema, "tutarudi waongo wawili."

Wameondoka saa sita, na mama amebeba nusu ya sukari yangu. Lusajo bado hajui chochote, atoke zamu kwanza. Keshokutwa tunakwenda Mbeya kwenye hati za kusafiria, mimi, yeye na mzee, na hilo litakuwa jaribio letu la kwanza la gari moja.

Jina langu nimelirudisha kwenye daftari, pembeni ya lile tundu la kalamu.

Sasa kuna jambo moja linanipa wasiwasi kuliko breki, kuliko goti, kuliko mvua za Desemba. Siku mbili za njia, yeye kiti cha mbele na mimi nyuma yake, na hakuna ukuta. Nina miaka tisa ya mambo ya kumwambia mzee huyu.

Nianze na lipi?